Kabati la Mpangaji

Shangazi zangu wana imani moja kuhusu kabati la nguo: liwe la mninga, milango mitatu, kioo katikati, na uzito wa kuwatoa jasho wanaume wanne. Ndilo walilolikuta kwa mama zao, na ndilo walilotaka niingie nalo kwenye ndoa. Sina ugomvi na mninga. Ni mbao inayovumilia mchwa, haipindi ovyo, na kabati lake likitunzwa humzika aliyelinunua. Ugomvi wangu ulikuwa wa hesabu tu. Kabati la mninga huishi miaka arobaini, na mkataba wangu wa pango ulikuwa wa miezi sita.

Mpangaji wa Dar es Salaam haelezwi jambo hili. Kodi inalipwa kwa mkupuo, na muda ukiisha mwenye nyumba anaweza kuipandisha, kumleta mwanawe aliyeoa, au kuuza nyumba kabisa. Unaita kirikuu. Kitanda kinafunguliwa, meza inapinduliwa miguu juu, friji linafungwa kamba. Kabati ndilo linalobaki koridoni likizua mjadala. Limelazwa, linapita mlangoni. Ila korido ya nyumba ya Kiswahili hairuhusu kitu cha mita mbili kikate kona kuingia chumbani. Nimeshuhudia kabati likikatwa miguu kwa msumeno ili litoke, na nimeshuhudia jingine likiachwa kwa mwenye nyumba kama sehemu ya deni. Na hata likishaingia kwenye nyumba mpya, kulisimamisha kuna masharti yake. Kabati la kimo cha sentimita 230 na kina cha 60 linataka dari isiyopungua sentimita 238 ili lizunguke kutoka kulala hadi kusimama. Vyumba vingi tunavyopanga vinakaribia hapohapo, na kwingine dari ya jipsamu imeshashushwa.

Pwani haikuwa hivi siku zote. Bibi yangu wa Pangani aliweka nguo zake kwenye kasha, lile la mbao nzito lililopigiliwa misumari ya shaba, la aina ambayo mengi yake yaliletwa na majahazi kutoka India na leo watalii huyanunua kwa jina la Zanzibar. Kasha lina vikono pande zote mbili. Aliyelitengeneza alijua kuwa litabebwa: litashuka jahazini, litapanda ghorofani, litamfuata bibi harusi. Sisi tuliosoma bweni tulikuwa na tranka la bati, nalo lilikuwa na kikono na kufuli. Kuhama kulikuwa kumeshahesabiwa ndani ya chombo chenyewe. Ni kabati la milango mitatu lililokuja na dhana kwamba mwenye nguo hatahama tena, na tukaipokea dhana hiyo kabla ya kupata viwanja.

Miaka yetu ya mwanzo tulitumia kabati la kitambaa, lile la mabomba membamba na zipu, ambalo kila kijana aliyeanza maisha analifahamu. Halina haja ya kusimuliwa sana. Ukining'iniza makoti mawili linainama kushoto.

Wazo la kabati la vipande lilinijia kazini, nilipokuwa nikihariri makala ya picha za samani. Katika picha hizo kulikuwa na rafu alizobuni Mjerumani Dieter Rams mwaka 1960, zinazojulikana kwa namba 606, ambazo kampuni ya Vitsœ inaziuza hadi leo. Zinaning'inia kwenye reli zenye matundu yaliyopangwa kwa nafasi sawa, na kipande cha leo kinakubaliana na cha miongo iliyopita. Mwenye nazo akihama anazifungua na kuondoka nazo. Akipata vitabu zaidi ananunua rafu, hanunui kabati. Bei yake haikuwa ya mshahara wangu. Lakini kilichonivutia hakikuwa reli wala rangi. Ilikuwa ni ile nidhamu ya kipimo kimoja kinachojirudia, na kipimo hakiuzwi.

Maseremala wa Ulaya wana nidhamu kama hiyo kwenye makabati ya kawaida kabisa: mashimo ya milimita 5, kutoka shimo hadi shimo milimita 32, na mstari wa mbele ukiwa milimita 37 kutoka ukingo wa bodi. Bawaba, reli za droo, pini za rafu, vyote vimetengenezwa vikae kwenye mashimo hayo. Bawaba nyingi za kukunja zinazouzwa Kariakoo zimefuata mpangilio huohuo, ingawa anayeziuza hana sababu ya kukwambia. Nilipolielewa hilo niliona kwamba nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa, na mimi nilihitaji fundi mwenye subira tu.

Nilimpata Keko. Nilikwenda na mchoro: vipande vitatu, kila kimoja kinajitegemea, upana sentimita 60, kina 58, kimo 200. Kila kipande kina pande zake mbili, mgongo wake na mlango wake, na ndani ya kila upande mistari miwili ya mashimo kutoka chini hadi juu. Vikisimama pamoja vinafungwa kwa bolti na nati na kuwa kabati moja la sentimita 180.

Fundi aliutazama mchoro, akanitazama mimi. "Dada, mashimo yote haya ya nini? Watu watasema nimekuuzia kabati lililoliwa na dumuzi."

"Fundi, mimi nanunua mashimo. Bodi ni nyongeza."

Alicheka, kisha akayapandisha bei. Nilimwelewa, maana kutoboa kwa mkono mashimo mengi yaliyolingana ni kazi ya kuchosha macho. Alikata kiolezo cha bati, akakitoboa kwa nafasi moja, akakitumia kwenye kila bodi, daima akianzia ukingo wa chini. Hilo la kuanzia chini ndilo lililonionyesha kuwa yeye ni fundi kweli. Ukianzia chini upande mmoja na juu upande mwingine, bodi ikiwa na tofauti ya milimita mbili tu, rafu zote zitacheza.

Pingamizi lake la pili lilikuwa la maana zaidi. Kabati moja lenye vigawanyo viwili lina bodi nne za kusimama. Vipande vitatu vinavyojitegemea vinataka sita. Bodi mbili za ziada za sentimita 200 kwa 58 zinatoka kwenye karatasi moja ya futi nane kwa nne. Kwa hiyo uhuru wa kukitenga kipande kimoja na vingine uligharimu karatasi moja ya emdiefu ya milimita 18, na karatasi hiyo hukaribia kilo 40. Nikalipa. Katika kabati lote lile, hakuna fedha niliyoitoa ikanirudia vizuri kama hiyo.

Upana wa sentimita 60 nao si wa kubahatisha. Rafu hupinda kwa kasi kuliko tunavyodhani: ukiongeza urefu wake mara mbili, mzigo ukiwa uleule kwa kila sentimita, inashuka katikati mara kumi na sita zaidi. Ndiyo maana rafu za mita moja na ushee za makabati ya dukani huanza kutabasamu kabla mwaka haujaisha. Rafu ya 60 inabeba mrundo wa vitenge na haisemi kitu.

Na miguu. Chini ya kila kipande nilitaka vigingi vya mninga vya sentimita 10. Anayeua makabati ya bodi Dar es Salaam mara nyingi ni dekio. Kila asubuhi sakafu inamwagiwa maji, ukingo wa bodi unayanywa, unavimba, na bodi ikishavimba hairudi. Shangazi zangu walipokuja kuliangalia kabati na kuuliza mninga uko wapi, niliwaonyesha miguuni.

Tulipokuwa wawili, mpangilio ulikuwa wa kivivu: bomba la kuning'inizia kwenye vipande viwili, rafu kwenye cha tatu. Mume wangu ana mashati mengi na kanzu chache. Shati na suruali iliyokunjwa kwenye henga havizidi mita moja, kwa hiyo kipande chake kilibeba mabomba mawili, moja juu ya jingine. Kanzu zilikaa kwangu, pamoja na mabaibui, kwa sababu nguo hizo zinataka sentimita 155 hadi 160 kutoka kwenye bomba kwenda chini. Vitabu vya ushauri wa samani vinavyoandikwa kwingine huyapigia hesabu makoti na suti. Mtu wa pwani anamiliki nguo ndefu sana na nguo zisizoning'inizwa kabisa, na katikati yake vitu vichache.

Mtoto alipokaribia kuzaliwa tulishusha bomba moja na kuweka rafu zilizokaribiana, kwa sababu nguo za mtoto mchanga zikirundikwa juu zinaporomoka. Lakini badiliko kubwa halikuwa la mbao. Muuguzi wa kliniki aliniuliza nguo za mtoto ninaziweka wapi, nikamwambia kabatini, na kabatini kuna vidonge vyeupe vya naftalini kwa ajili ya nondo na mende. Akaniambia nivitoe siku hiyohiyo. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi kwenye nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, zetu zikiwemo. Kwao mvuke wa naftalini uliokaa kwenye nguo na mablanketi unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano makali. Mzazi hawezi kujua kwa macho kama mwanawe anao upungufu huo. Tulifua kila kitu upya, tukaanika juani, tukaliacha kabati wazi kwa siku kadhaa. Tangu hapo dawa yetu ya nondo ni jua, na nguo haikunjwi mpaka ikauke kabisa.

Kabla mtoto hajaanza kutambaa fundi alirudi na kona za chuma kuvifunga vipande ukutani. Kabati likiwa na droo, zikifunguliwa zote uzito unahamia mbele, na mtoto anayezigeuza ngazi anaweza kulivuta kabati zima likamwangukia. Kipande kimoja kilichosimama peke yake ni hatari zaidi kuliko vitatu vilivyofungwa pamoja. Asiyetaka kutoboa ukuta wa mwenye nyumba afikirie kwanza bei ya kuziba matundu mawili kwa saruji.

Kisha mama yangu akaja kutoka Tanga kuishi nasi.

Tulimpa chumba cha nyuma. Nilikuwa nimemtengea rafu tatu kwenye kabati letu, nikaona nimefanya jambo. Alizitazama, akashukuru, na nguo zake zikabaki sandukuni. Baada ya muda nilimuuliza. Akanijibu bila kinyongo: "Rafu ya kuonyeshwa ni ya kuazima, mwanangu. Ya mtu ni yenye ufunguo."

Hapo ndipo karatasi ile ya ziada ilipolipa. Tulifungua bolti, tukakitoa kipande cha tatu kizima, watu wawili wakakibeba hadi chumbani kwake. Hatukununua chochote ila kitasa. Kama lingekuwa kabati moja lenye vigawanyo, ningebaki nikimgawia mama yangu nafasi ndani ya mali yangu, naye angebaki mgeni. Waandishi wa samani husifu makabati ya aina hii kwa sababu yanatosha kila ukuta. Mimi nayasifu kwa sababu mtu mzima aliyepoteza nyumba yake anaweza kupewa mlango wake na ufunguo wake.

Nguo za mama zilinifundisha upangaji ambao sikuukuta kwenye kitabu chochote. Alikuwa na khanga nyingi, doti kwa doti, nyingine hazijawahi kukatwa wala kupindwa, na vitenge, madera, na mabaibui machache. Bomba lilipanda juu kabisa na kubeba upande mmoja tu. Kilichobaki kikawa rafu, na rafu hizo alizitaka karibukaribu, kiasi cha sentimita 20 hivi. Niliona anapoteza nafasi. Akanionyesha: khanga ikiwa chini kabisa ya mrundo mrefu, ukiivuta unaharibu mrundo wote, kwa hiyo utavaa zile za juu maisha yako yote. Rafu fupi nyingi zinazifanya khanga zote ziwe za kuvaliwa. Magoti yake yalikuwa mabovu, basi chochote cha kila siku kilikaa kati ya paja na bega. Chini yaliwekwa mablanketi. Juu kabisa, mahali pasipofikiwa bila kigoda, aliweka hati ya kiwanja, chetezo cha akiba, na sanda yake, imekunjwa ndani ya mfuko safi. Alinionyesha mara moja, kwa sauti ileile ya kunionyesha viazi vilipo.

Tulihama naye masika moja, mvua ikinyesha, turubai la kirikuu likivuja. Kipande kimoja kililowa chini. Bodi ya chini ikavimba na mlango ukawa haufungi. Fundi alibadilisha bodi hiyo moja, kipande kikarudi kazini. Siku hiyo nilielewa pia kwa nini alikuwa amesisitiza bolti na nati kwenye maungio yote. Skrubu inayoingia kwenye ubavu wa emdiefu au chipubodi inashika vizuri mara ya kwanza. Ukiifungua na kuifunga tena na tena, shimo linakuwa unga. Bolti inapita ng'ambo, inakutana na chuma mwenzake, na haijali umeifungua mara ngapi. Makabati ya kiwandani ya kuunganisha nyumbani mengi hayapendi kufunguliwa, hata kama yaliletwa kwenye boksi yakiwa vipandevipande. Kinachorahisishwa pale ni usafirishaji kutoka kiwandani hadi dukani. Safari zako wewe hazimo kwenye hesabu hiyo.

Mama alipofariki, sanda ilikuwa palepale aliponionyesha. Baada ya siku za msiba dada zangu walikuja, tukafungua mlango, tukagawana khanga, nyingine zikatolewa sadaka. Kipande kikakaa kitupu kwa muda, na sikuwa na haraka nacho. Baadaye kilirudi kuungana na vingine viwili, na matundu ya bolti yakakutana bila kuchokonolewa, kwa sababu yalitobolewa kwa kiolezo kimoja. Kikawa cha mafaili na vitabu. Leo ni cha binti yetu, ambaye ameingia sekondari na ameondoa rafu karibu zote za bibi yake ili kuning'iniza kila kitu, hata fulana. Harufu ya udi bado imo kwenye mbao za miguu, anasema yeye. Mimi siisikii.

Sitaki kulisifu kabati hili kupita kiasi. Tuliwahi kutaka mlango mpya, na emdiefu ya rangi ileile haikupatikana tena. Kuna mlango mmoja mweupe kidogo kuliko wenzake na wageni wanauona. Fundi mwingine aliwahi kututengenezea rafu za nyongeza bila kuja kupima, akihesabu kuwa bodi za ubavuni ni za milimita 16. Zetu ni za 18. Upana wa ndani ukatofautiana kwa milimita nne, na rafu zake zikawa haziingii mpaka ziparuzwe. Tangu hapo nyuma ya kila mlango kumeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: unene wa bodi, upana wa ndani, nafasi ya mashimo, ukubwa wa bolti. Fundi yeyote akija asome.

Lipo pia jaribu la kuongeza kipande cha nne. Kabati linaloweza kukua hukualika ulikuze, na mitumba ya Karume haijawahi kumkatisha mtu tamaa. Mume wangu alikuja na wazo hilo, na ukuta ulikuwepo. Nilikataa. Kazi ya mashimo ni kuhamisha nafasi kutoka kwa anayeihitaji kidogo kwenda kwa anayeihitaji zaidi, na nyumba yetu haijawahi kukosa nafasi. Inachokosa ni mtu wa kukubali kupunguza makoti.

Kwa hiyo, msomaji, kama unapanga na unakaribia kuagiza kabati, mwambie fundi mapema kwamba utahama. Mwombe asitie gundi kwenye maungio utakayoyafungua, kila kipande kiwe na pande zake mbili, na upana usizidi kile ambacho watu wawili wanaweza kukikatisha kona ya korido. Kiache sentimita chache kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma wakati wa masika. Mlipie karatasi ya ziada na umlipie kutoboa, bila kumpunguzia, kisha uchukue kile kiolezo cha bati ukakihifadhi nyumbani kwako. Fundi huhama pia.